Mkono wa Awadh

Mama yangu alikuwa na mazoea ambayo mimi niliapa kuyakomesha. Kila jioni, kabla hajampakulia mtu yeyote, alipakua kwanza sahani ya baba, akaifunika kwa kawa, akaiweka mwisho wa mkeka mahali baba alipokuwa akiketi. Baba hakuwepo. Alikuwa mpishi wa meli, aliondoka mwanzo wa mwaka wa themanini na tatu, na haya ninayoyasimulia ni ya mwaka wa tisini na mbili. Miaka tisa sahani ile iliwekwa, na asubuhi yake mdogo wangu Shee aliila kiporo kabla ya kwenda shule. Shee alinenepa kwa chakula cha baba.

Nyumba yetu ya Junda ilikuwa hivyo, nyumba ya watu wanne yenye mtu wa tano. Komeo la juu la mlango wa mbele halikufungwa hata siku moja, asije akafika akakosa kuingia. Kanzu zake zilifuliwa, zikafukizwa udi, zikarudishwa kabatini bila kuvaliwa na mtu. Bibi yetu Bi Barke, mama mzazi wa baba, alikuwa akisimamisha tasbihi katikati na kusema, "Kikohozi cha Awadh hicho," nasi sote tunanyamaza kusikiliza. Wallahi mara nyingine hata mimi nilikisikia. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, karani wa mizigo pale uwanja wa ndege, napiga taipu siku kutwa, na bado nikirudi nyumbani niliogopa kupita ule mwisho wa mkeka.

Aliyetutia katika kungoja huko alikuwa mtu mmoja. Miezi michache baada ya baba kuondoka, Idd ndogo imepita tu, alikuja baharia mgeni akasema ametoka katika meli moja na baba. Akaulizwa hali ya baba, akajibu kuwa hajambo. Bibi akapiga vigelegele, majirani wakajaa uani, mgeni akanywa sharubati yake akaaga. Katika furaha ile hakuna aliyemuuliza hata jina. Tangu siku hiyo haikuja barua, wala salamu, wala mtu. Tulipoiulizia ile meli bandarini tuliambiwa imeuzwa na kubadilishwa jina, na wakala aliyemwandika baba kazi amefunga ofisi, hajulikani aliko. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, nalo lilikuwa hajambo.

Neno hilo ndilo lililomfunga mama. Mwaka huo wa tisini na mbili Bwana Hamdun, mgane mmoja mwenye malori ya kubeba mawe kutoka Mwakirunge, alikuwa ametuma salamu za heshima kupitia kwa bibi mwenyewe kwamba siku Zubeda atakapokuwa huru, yeye yupo. Alikuwa mtu mpole, akicheka hucheka kwa mabega. Mama alikuwa na miaka arubaini na mbili. Hakujibu salamu zile, maana mke wa mtu hana jibu la kutoa, lakini nilimwona akijitazama kwenye kioo cha kabati, akigeuza shingo upande huu na upande ule. Nikasema moyoni, mama yangu hajazeeka, anazeeshwa.

Kwa sheria yetu, mke aliyepotelewa na mumewe anaweza kwenda kwa kadhi, akaapa kwamba hana habari yoyote ya uhai wake, naye kadhi akahukumu kuwa ni marehemu. Hapo mke hukaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila hina wala manukato, kisha akawa huru. Mimi nilikuwa nimeshapiga mbio zote hizo. Fomu nilikuwa nazo mkobani, na tarehe tulikuwa tumepewa, siku ya Jumatatu. Kilichobaki ni mama kukubali kwenda kuapa.

"Nitaapaje kuwa sina habari," alikuwa akiniambia, "na habari ililetwa mlangoni pangu?"

"Ya miaka tisa, mama."

"Habari haiozi, Khairiya."

Basi mimi huondoka hapo nikaenda kusugua sufuria ambazo hazikuwa chafu. Kubishana na mama ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ndipo nikapata wazo la hoteli ya Mchina. Ilikuwa barabara ya Port Reitz, si mbali na kazini kwangu, wakila hapo marubani na maofisa wa meli, na mara moja moja sisi makarani mshahara ukiwa bado una joto. Niliwaza hivi: nikimtoa mama katika nyumba ile, nikamketisha mahali pasipo na mkeka, pasipo na kawa wala kikohozi, mbele ya chakula ambacho hakukipika yeye na wala hakijui, labda atanisikia. Mtu ukitaka kumtoa mwiba huanza kwa kumtoa gizani. Nikatangaza kwamba nimepandishwa cheo na nataka kuwaalika. Kweli nilikuwa nimepandishwa. Nilipewa meza yenye droo ya kufunga kwa ufunguo.

Bibi ndiye aliyeleta ubishi. "Wachina wala nguruwe."

"Pale hawapiki nguruwe, bibi. Wateja wengi ni Waislamu. Na mpishi mwenyewe ni Mwislamu, Mdigo wa huko Ng'ombeni. Nimeuliza."

"Umemuona?"

"Sijamuona. Nimeambiwa."

"Ya kuambiwa hayo," akasema bibi. Lakini akavaa buibui lake, na nilimwona akitia kijiko cha nyumbani ndani ya mkoba, amekifunga kwenye leso.

Tulikwenda siku ya Jumapili, baada ya sala ya alasiri, kwa gari la jirani. Hoteli ilikuwa na taa za karatasi nyekundu zilizowashwa ingawa jua lilikuwa bado kali nje, na meza za duara zenye ubao wa kuzunguka katikati. Shee akauzungusha ubao ule mpaka chupa ya siki ikaruka, bibi akamtazama, akaacha. Mwenye hoteli, mama mmoja wa Kichina aitwaye Bi Mei, alitupokea kwa "Karibuni, karibuni, mwaonaje hali?" kama Mswahili aliyezaliwa mtaa wa Kuze. Akatuweka kwenye meza ya viti sita. Wengine pale ndani walikuwa wazungu wawili tu, wamevaa mashati meupe ya urubani, wanakula kimya.

Sisi tulikuwa wanne. Bibi aliweka mkoba wake kwenye kiti kimoja kilichobaki. Kile kingine, kilichokuwa upande wa kulia wa mama, hakikuwekwa kitu.

Niliagiza vile ninavyovijua, wali wa mayai na kuku wa ndimu, na sahani moja nisiyoijua, tambi za kamba, kwa kuwa Kafedha, msichana aliyetuhudumia, alisema ndizo zinazopendwa na kila anayekuja. Wali na kuku vikatangulia. Nami nikajiweka sawa nianze maneno yangu, maneno niliyoyapanga wiki nzima, huku nimeushika mkoba wenye fomu magotini.

Kabla sijafungua kinywa, mama akavuta bakuli. Akapakua wali, akaweka paja la kuku juu, akalifunika bakuli lile kwa kisahani cha chai, akalisogeza mbele ya kiti kitupu.

Nikaropoka. "Mama! Hata hapa?"

"Fanya taratibu. Watu wasikia."

"Atakuja kula hapa? Kwa Mchina? Atajuaje tuko hapa?"

"Mimi sikusema atakuja," akasema mama kwa upole. "Nimesema ni fungu lake."

Kafedha akapita, akadhani bakuli limeachwa, akanyoosha mkono aliondoe. Mama akamgusa kiganja tu, pole pole, na yule msichana akaurudisha mkono kama aliyeunguzwa. Akatazama kile kiti, akatutazama sisi, akaondoka haraka bila kuuliza. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa natazama kiti kile kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimemtoa mama katika nyumba ile, na nyumba ile ikatufuata mpaka Port Reitz.

Nikasema, "Mama, kesho ni Jumatatu."

"Najua siku zangu."

"Sikwambii uolewe. Sikwambii umsahau baba. Nakwambia uende ukaseme ukweli, kwamba hatuna habari. Basi. Utalinda komeo mpaka lini? Mpaka mimi nizae? Mpaka bibi atutoke?"

"Mimi nisitiwe katika maneno yako," akasema bibi, akitafuna. Shee akainamia sahani.

Mama hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alisema, "Khairiya, mimi nikienda kule nikaapa, kisha akaja? Mtu kaniletea salamu zake, mzima. Mimi nimhukumu kufa kwa mdomo wangu, kwa sababu nimechoka? Basi na nichoke."

Na hapo tambi zikaletwa.

Zilikuja kwenye sahani ndefu, moshi unafuka. Bi Mei mwenyewe alizileta akauzungusha ubao mpaka zikasimama mbele ya mama, kwa heshima ya mgeni. Mama akajipakulia kidogo, ili tu aonekane anakula. Akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna.

"Nani aliyepika hizi?" akauliza.

Sauti yake ilinifanya nami nionje. Nitalieleza jambo hili kwa kadiri ninavyoweza. Kila mpishi ana mkono wake. Wape wanawake kumi samaki mmoja na nazi moja, watakutolea michuzi kumi, na ukila katika nyumba moja miaka mitano utaijua sahani ya mama mwenye nyumba hata ukiwa umefungwa macho. Baba akirudi safari alikuwa akitufukuza jikoni sote, mama pia, akawasha makaa mengi, akatukaangia tambi alizojifunza kupika huko mashariki ya mbali. Lakini alizipika kwa mkono wake. Bizari nyembamba aliikaanga nzima nzima mpaka ikaribie kuungua. Na embe bichi lililokatwa vipande vyembamba kama njiti za kiberiti alilitia mwisho, moto umeshatolewa, ili libaki na ukali wake. Hakuna Mchina anayetia bizari na embe bichi katika tambi. Hakuna Mswahili pia. Nilikuwa nimesahau kabisa, na sasa ulimi wangu ulikumbuka kabla ya akili.

Nilimtazama bibi. Alikuwa amechota kwa kile kijiko chake cha nyumbani. Akala, akaweka kijiko chini, akasema kama mtu anayesema mvua inanyesha, "Mkono wa Awadh."

Shee hakuelewa, baba alipoondoka yeye alikuwa na miaka minane. "Nini?" akauliza. "Kuna nini?"

Nataka niseme nilichohisi, ingawa kinaniaibisha. Mimi niliyekuwa na kifo cha baba mkobani, kimepigwa chapa, kimebaki kutiwa sahihi, nilifurahi. Furaha na woga pamoja, sikuweza kuvitenga. Nilitaka kupiga kelele nimwite.

Mama alisimama. Alijifuta mdomo kwa ncha ya leso. Akaufungua ushungi akaufunga upya, vizuri, akaingiza nywele zilizotoka mbele. Akapitisha ulimi kwenye midomo ili isionekane mikavu. Kisha akaelekea mlango wa jikoni, si kwa haraka, kama mwanamke anayekwenda kumpokea mumewe mbele za watu. Bi Mei akasema, "Mama, choo upande huu," lakini mama alikuwa ameshausukuma mlango. Nikamfuata mbio.

Jikoni kulikuwa na moshi na ngurumo ya jiko la gesi. Mtu mmoja alikuwa ametupa mgongo, anatikisa karai kubwa kwa mkono wa kushoto. Alisimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameupumzisha juu ya ule mwingine. Baba alisimama hivyo hivyo akipika. Nikashika ukuta.

"Awadh," akasema mama.

Mtu yule akageuka. Hakuwa baba. Alikuwa mfupi, mweusi zaidi, ana ndevu chache zenye mvi. Alimtazama mama, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akazima gesi. Jikoni pakawa kimya ghafla.

"Bi Zubeda," akasema.

Mama akauliza, "Yu wapi?"

"Mimi naitwa Tsuma. Mimi ndiye niliyekuja kwenu."

"Sikukuuliza jina lako. Nimekuuliza yu wapi."

Tsuma akajifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kujifuta hata ilipokuwa mikavu. "Amekufa, Bi Zubeda. Alifia melini, kabla sijaja kwenu. Nilikuja kuwapa habari hiyo."

Mimi ndiye niliyemjibu, na sauti yangu ilikuwa kali mpaka Kafedha akachungulia mlangoni. "Ulikuja ukasema hajambo!"

"Nilisema." Hakujitetea. Alikiinamisha kichwa akazungumza na sakafu. "Nilibisha hodi. Bibi akanikaribisha, akaniuliza habari za huko nitokako, nikasema njema. Mtu husema nini? Hata ukileta maiti mgongoni, ukiulizwa habari husema njema kwanza, kisha ndiyo ukasema ila. Akaniuliza, na Awadh hajambo? Nami nikasema hajambo. Ulimi ulitangulia, dada yangu, ulikwenda na adabu. Nilikuwa nangoja pumzi moja tu nimalize. Nikafungua kinywa niseme ila, bibi akapiga kigelegele. Na jirani naye akapiga, na wa pili yake. Kisha mtoto mmoja wa kike akaja mbio akanishika kanzu, akaniuliza, 'Baba aja lini?' Nikasema, 'Inshallah, karibu.'"

Mtoto yule nilikuwa mimi. Nilikumbuka kanzu ile ilivyokuwa na unyevu wa jasho mkononi mwangu. Miaka tisa nilimlaumu mama kwa kushikilia neno la mgeni, na kumbe mimi ndiye niliyelisukuma likaingia ndani.

"Nilirudi mara tatu," akasema Tsuma. "Nafika mpaka kwenye kisima cha msikiti, naona kanzu zake zimeanikwa, nageuka. Kisha mwezi ukawa mwaka. Mtu atasemaje baada ya mwaka? Nikaona afadhali nisionekane upande ule kabisa. Upishi huu alinifunza yeye, sina mwingine. Kila nikizipika hizi tambi naona kama nimesimama nyuma yake."

Mama akageuka, akatoka jikoni. Akarudi mezani akaketi pale pale alipokuwa, karibu na lile bakuli lililofunikwa. Tsuma alitufuata bila kuitwa. Alisimama mbele ya bibi na aproni yake yenye madoa, mtu mzima wa miaka hamsini, akaanza kulia.

Bibi alimtazama usoni, akatazama mikono yake, akaitazama sahani ya tambi. Nadhani alijua kila kitu wakati ule ule, lakini bibi yangu hakuwa mtu wa kupokea jambo kwa kubahatisha.

"Ndiye weye uliyekuya," akasema.

"Ndiye mimi, bi mkubwa. Nisamehe. Nataka kukwambia kwamba..."

"Nyamaa." Akainua kiganja. "Usinambie hapo ulipo. Habari hailetwi kutoka jikoni. Toka nje, ubishe hodi."

Tsuma hakufahamu. Bibi akaonyesha mlango mkubwa wa mbele kwa kidole. "Toka. Uingie kama ulivyoingia siku ile."

Nilitaka kumzuia. Niliona ni ukatili, na niliona aibu mbele ya wale marubani walioacha kula. Lakini Tsuma alikwenda. Alipita kati ya meza, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, na kupitia kioo tukakiona kivuli chake kimesimama kwenye jua. Kikakaa pale muda mrefu. Nilidhani atakimbia tena.

"Hodi," ikaja sauti.

"Karibu," akaitika bibi.

Akaingia, akasimama karibu na mlango. "Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, mwanangu. Watoka safari?"

"Natoka safari, bi mkubwa."

"Habari za huko utokako?"

Wallahi, hata wakati ule, na machozi yakimtiririka ndevuni, alisema, "Njema."

"Na Awadh, mwanangu, hajambo?"

Kinywa chake kilifunguka kisitoe kitu. Safari hii bibi hakupiga kigelegele. Alingoja. Sote tulingoja, Shee ameshika ukingo wa meza, Bi Mei ameshika menyu kifuani, na mama akitazama mbele bila kupepesa. Bibi alipoona mtu yule hawezi kuvuka peke yake, akamsaidia.

"Ila?" akamwambia kwa upole.

"Ila Awadh hatunaye, bi mkubwa. Alishikwa na homa siku nne. Alikufa siku ya kumi ya mwezi wa Shaabani, alfajiri ya Jumatatu. Nilimwosha mimi kwa mikono yangu, na tulimsalia watu watatu, mimi na Mngazija mmoja na Mbengali. Tukamshusha baharini."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema bibi. Alilisema polepole, neno baada ya neno. Awadh alikuwa mwanawe wa pekee. Shee akaangusha kichwa juu ya mikono yake akalia kwa sauti, kijana yule mnene aliyekua kwa sahani za baba, na mimi nikamshika bega, nalia pia.

Bibi hakulia bado. Alikuwa akihesabu miezi kwenye vifundo vya vidole. "Shaabani kumi. Ramadhani kumi, mmoja. Mfungo Mosi, miwili. Mfungo Pili. Mfungo Tatu. Na siku kumi." Akamgeukia mama. "Zubeda. Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kusikia. Yako ilikwisha ishirini Mfungo Tatu, mwaka uo huo. Huna haja ya kadhi, wala ya kuapa. Miaka tisa u huru, mwanangu."

Hiki ndicho nilichokitaka. Nilikitafuta ofisini kwa foleni na kwa fomu, nikamleta mama mpaka hapa kwa ajili yake, na sasa nimepewa chote kwa mara moja, bila kiapo. Nikamtazama mama nione uso wake ukifunguka. Haukufunguka.

Alikuwa amegeuza viganja juu anavitazama. "Idd ya kuchinja mwaka ule, kumbe nimo edani, nilijipaka hina," akasema. "Mikono na miguu. Nikajifukiza udi kila jioni. Nilisema, karibu, inshallah, kasema mgeni. Atanikuta nayo."

"Hukujua," akasema bibi. "Asiyejua hana dhambi."

"Sineni dhambi, mama." Sauti yake haikupanda. "Nanena kuwa nilifiwa na mume, nikawa mjane, nikamaliza eda, na hakuna hata mtu mmoja aliyenipa pole."

Nikafungua kinywa nimpe. Ni neno dogo, twampa hata mtu aliyejikwaa njiani, twampa mpagazi mwenye mzigo tusiyemjua. Nililitafuta nisilipate. Nililoliona mbele ya macho ni mimi mwenyewe, wiki baada ya wiki, nikimpigia mama kelele juu ya sahani na komeo, nikimwita mkaidi.

Ni bibi aliyesimama. Alizunguka meza akiegemea viti, kimoja baada ya kingine, mpaka akafika, akavishika vile viganja viwili vya mama akavikunja ndani ya vyake.

"Pole, mwanangu," akamwambia.

Mama akainua uso, na kwa mara ya kwanza machozi yakamshuka.

"Nishapoa, mama," akajibu, kama adabu itakavyo.